Mpaka ukifungwa, anayesakwa hupita wapi?

Swali: "Mimi ni mfanyabiashara wa mifugo hapa Garissa. Mpaka wetu na Somalia ulifungwa majeshi yetu yalipoingia kule mwaka 2011, tukaambiwa ni kwa sababu ya Al-Shabaab. Lakini Westgate, Chuo Kikuu cha Garissa na DusitD2 vyote vilishambuliwa mpaka ukiwa umefungwa. Je, ulinzi wa mpaka kweli huzuia ugaidi, au ni kutusumbua tu sisi wachuuzi? Na ule ukuta wa Mandera, ungekamilika ungesaidia?"

Jibu: Mpaka huzuia ugaidi pale unapomlazimisha anayevuka asimame mbele ya mtu, atoe uso wake, karatasi yake na mzigo wake, kisha aache alama inayoweza kufuatwa kesho. Mpaka uliofungwa kwa tangazo la redioni haufanyi hata moja kati ya hayo. Ukuta tutaufikia. Kwanza tutenganishe hatari mbili ambazo wanasiasa wetu huzichanganya kila wanapoutaja mpaka huo.

Hatari ya kwanza ni uvamizi. Kundi lenye bunduki linavuka usiku, linapiga mahali palipo karibu na mstari, na kabla ya jua kuchomoza limekwisha kurudi. Abiria 28 waliouawa kwenye basi karibu na Mandera tarehe 22 Novemba 2014, na wachimba mawe 36 waliouawa kwenye timbo siku kumi baadaye, walikufa kwa hatari ya aina hii. Kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilichovamiwa Oktoba 2020 na watu waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, kiko kwenye kundi hilo hilo. Vivyo hivyo shule ya Mpondwe, magharibi mwa Uganda, ambako waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo wakaua wanafunzi Juni 2023. Mvamizi haji na pasipoti, wala hapiti langoni. Anayemzuia ni askari aliye karibu, habari iliyofika mapema, na jirani wa upande wa pili anayekubali kumfuata akirudi kwake.

Hatari ya pili ni kujipenyeza. Huyu anakuja peke yake au na wenzake wawili watatu, bila bunduki mkononi. Ana kitambulisho, simu, nauli, na nyumba ya kufikia. Anakaa mjini wiki au miezi akichungulia mahali atakapopiga. Mashambulizi ya jumba la maduka la Westgate (Septemba 2013, waliuawa watu 67) na hoteli ya DusitD2 (Januari 2019, waliuawa watu 21), yote ya Nairobi, yaliandaliwa hivyo. Anayejipenyeza ndiye hasa lango la mpaka linaweza kumnasa, lakini liwe wazi, liwe na mtu, na liwe na mashine inayoongea na Nairobi.

Hapo ndipo kufunga kunapotudhuru wenyewe. Mpaka ule una urefu wa kilomita 680 hivi, kuanzia Mandera kwenye kona ya Ethiopia hadi Kiunga baharini. Mandera na Bula Hawa ya upande wa Somalia ni kama mtaa mmoja uliopigwa mstari katikati: harusi upande huu, msiba upande ule, ngamia wa mtu huyo huyo wanakunywa maji pande zote mbili. Watu hawa hawawezi kuacha kuvuka. Tuseme kwa siku watu 200 hupita langoni na watano hupita porini. Askari wa doria akikuta nyayo za wale watano ana sababu ya kuuliza. Funga lango, na kesho yake watu 205 wako porini: mama mjamzito anayekimbilia hospitali, mchuuzi wa sukari, mwanafunzi, mchungaji, na katikati yao yule mmoja anayesakwa. Njia ya panya imekuwa barabara kuu. Mtu huyo sasa amepata kitu ambacho hakuwa nacho mwanzo, yaani msongamano wa kujifichia.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: baadhi ya waliotupiga hawakuwa wageni. Mmoja wa washambuliaji wa Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, alikuwa kijana Mkenya aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu Mandera. Waliotiwa hatiani mwaka 2019 kwa kusaidia shambulio hilo ni Mtanzania mmoja na Wakenya wawili. Kiongozi wa kundi la DusitD2 alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi. Mtu wa namna hii huvuka mara mbili: kwanza akienda kufunzwa, halafu akirudi. Sisi huwa tunamngoja anaporudi, wakati angeonekana kwa urahisi zaidi akiwa anatoka. Yule chifu wa Mandera alikuwa amekwisha kupiga ripoti kwamba mwanawe haonekani. Ripoti kama hiyo inafaa kugeuka kuwa jina kwenye orodha, jina likafika kwenye kila dawati la uhamiaji siku hiyo hiyo, pamoja na picha na alama za vidole zilizochukuliwa mtu alipoomba kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Kwenye lango lililofungwa hakuna dawati wala mashine, na jina halina pa kufika.

Umoja wa Mataifa uliliona hili zamani. Azimio namba 1373 la Septemba 2001 linazitaka nchi zizuie safari za magaidi kwa ulinzi wa mipaka na kwa kudhibiti utoaji wa vitambulisho na hati za kusafiria. Viwili hivyo viliwekwa kwenye kifungu kimoja, na kwa haki. Azimio namba 2396 la Desemba 2017 liliongeza sharti la alama za mwili, orodha za wanaoshukiwa, na kupokea taarifa za abiria wa ndege kabla hawajatua.

Mezani kwa afisa wa uhamiaji

Tuangalie dakika mbili za ukaguzi mzuri, maana wengi hudhani afisa anatafuta tu mahali pa kugonga muhuri.

Chini ya ukurasa wenye picha, pasipoti yoyote ya kisasa ina mistari miwili ya herufi na alama za <, kila mstari nafasi 44. Kwenye mstari wa pili kuna namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda, na baada ya namba na kila tarehe kuna tarakimu moja ya ukaguzi. Mtu aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1985 huandikwa 850312. Zidisha tarakimu hizo moja baada ya nyingine kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1, kisha jumlisha: 56 + 15 + 0 + 21 + 3 + 2 ni 97. Tarakimu ya mwisho ya jumla, yaani 7, ndiyo inayofuata tarehe. Mghushi akigeuza 85 kuwa 88 bila kujua hesabu hii, jumla inakuwa 106, na mahali pa 7 palitakiwa 6. Mashine inalalamika papo hapo. Afisa mzoefu asiye na mashine anaweza kuifanya kwa kalamu.

Mghushi anayeijua hesabu ataisahihisha, kwa hiyo kuna tabaka la pili. Karatasi ya pasipoti haing'ai chini ya mwanga wa zambarau wa ukaguzi; karatasi ya kawaida ya ofisini hung'aa samawati kama shati jeupe kwenye disko. Ukurasa uliobadilishwa hujisaliti hapo, au kwenye uzi wa mshono ulioguswa, au pale namba iliyotobolewa kwenye kurasa inaporuka. Pasipoti za kielektroniki, ambazo Kenya ilianza kuzitoa 2017 na Tanzania 2018, zina kibanzi ndani chenye picha na taarifa zilizotiwa sahihi ya kidijitali ya serikali. Ukigeuza herufi moja, sahihi haikubali tena. Sharti ni kwamba kisomaji kiwe na ufunguo wa nchi iliyotoa pasipoti. Kisipokuwa nao kinasoma picha vizuri kabisa, lakini hakijui kama picha hiyo ni ya kweli, na afisa aliyechoka huona taa ya kijani akaridhika.

Halafu ukaguzi wa Interpol, shirika la polisi la kimataifa. Tangu 2002 shirika hilo lina hazina ya pasipoti zilizoibwa na kupotea, na nchi zinaifikia kwa mtandao wake wa polisi. Hazina hiyo ina mashimo mawili. La kwanza, pasipoti isiyoripotiwa haimo, hivyo anayechelewa kuripoti pasipoti iliyopotea anampa mwingine muda wa kuitumia. La pili, nchi nyingi mtandao huishia kwenye ofisi moja katika mji mkuu. Afisa wa kituo cha mbali anapaswa kupiga simu, simu isipopokelewa foleni inaendelea.

Sasa tuje kwenye ugonjwa mgumu kuliko yote: hati halali kabisa iliyotolewa kwa jina la uongo. Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro aliyepanga milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998 iliyoua watu 224, aliishi mafichoni miaka 13. Alipouawa kwenye kizuizi Mogadishu Juni 2011 alikutwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina la Daniel Robinson. Samantha Lewthwaite, Mwingereza ambaye Interpol ilimtolea ilani nyekundu Septemba 2013 kwa ombi la Kenya, naye alitumia pasipoti ya Afrika Kusini kwa jina la Natalie Webb. Hati ikitoka kwenye mtambo wa serikali kwa mkono wa ofisa aliyehongwa, hesabu ya 7-3-1 inakubali, karatasi haing'ai, uzi haujaguswa. Kinachobaki ni kidole na uso, kama viliwahi kuchukuliwa mahali fulani kwa jina jingine. Ndiyo maana tunasema mpaka wa Mandera unaanzia kwenye ofisi inayotoa vipande. Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwafunga wanaume wawili miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia washambuliaji wa DusitD2, na vitambulisho bandia vilikuwa sehemu ya kesi.

Majina yenyewe ni mtego. Kisomali kimeandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na katika maandishi hayo C husimama badala ya ayn ya Kiarabu, na X badala ya ile h nzito. Anayeandikwa Abdi Hassan Omar Garissa anaandikwa Cabdi Xasan Cumar Kismayu. Ni mtu mmoja, kompyuta inaona wawili. Ongeza kwamba majina matatu ni la mtu, la baba na la babu, hakuna jina la ukoo, na kwamba wengi wasiojua siku waliyozaliwa wameandikwa tarehe 1 Januari. Orodha ikitafutwa kwa herufi kamili, anayesakwa anapita. Ikilegezwa sana, kila Mohamed Abdi aliyezaliwa 1 Januari anawekwa benchi kwa muda wa saa nne. Vyote viwili tumeviona vikilaumiwa, na dawa ni ile ile: programu inayojua kwamba X ni H, kisha alama za vidole zimalize ubishi.

Kuna jambo la upande wa pili ambalo si la kulaumu mtu. Afisa akiwa na shaka na Mtanzania pale Namanga, anamwuliza mwenzake wa Tanzania aliye chini ya paa moja, maana vituo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilijengwa hivyo. Pale Bula Hawa hakukuwa na wa kumwuliza. Serikali ya Somalia ilianguka 1991 na daftari la raia likaenda nalo. Kitambulisho chao kipya cha taifa kilizinduliwa Septemba 2023 tu. Karatasi ya mtu haina maana kubwa kama hakuna kitabu cha kuilinganisha nacho. Huenda hii ni sababu mojawapo ya Kenya kuibakiza Somalia, pamoja na Libya, nje ya msamaha wa kibali cha safari iliowapa Waafrika wengine mwaka 2025. Na hapo hapo Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Mambo hayo mawili hayawezi kulala kitanda kimoja muda mrefu.

Ukuta

Wazo la ukuta lilishika kasi baada ya shambulio la Garissa 2015. Kilichojengwa ni uzio wa seng'enge wenye handaki na barabara ya doria, na kufikia Machi 2019, wabunge waliposimamisha kazi, zilikuwa zimekamilika kilomita kumi hivi kwa gharama iliyotajwa kuwa Sh3.4 bilioni. Zidisha kwa 68 upate mpaka mzima: zaidi ya Sh230 bilioni, kabla hujalipa askari hata mmoja.

Gharama tungeivumilia kama ungezuia. Uzio hauzuii, huchelewesha. Thamani yake hupimwa kwa maswali matatu: nani ataona ukikatwa, baada ya dakika ngapi, na atafika baada ya dakika ngapi. Waya wa seng'enge hukatwa kwa dakika chache. Tuseme kambi zimewekwa kila baada ya kilomita 20. Sehemu ya mbali kabisa iko kilomita 10 kutoka kambini. Kwenye barabara ya mchanga, gari la askari likienda kilomita 30 kwa saa, hizo ni dakika 20, na hapo tunachukulia kwamba kuna aliyeona, redio inafanya kazi na gari lina mafuta. Aliyekata waya amekwisha kwenda. Kambi za namna hiyo zingekuwa 34. Kila moja ikiwa na askari 60, wale 20 wa zamu, 20 wanaopumzika na 20 wa akiba na likizo, ni zaidi ya askari 2,000 wa kukaa tu, bila wapishi, mafundi na madereva wa maji.

Halafu barabara ya doria yenyewe inageuka mtego. Gari linalopita njia ile ile, saa ile ile, kila siku, linamfundisha adui mahali pa kutega kilipuzi, na kaskazini mashariki tumepoteza askari wengi kwa namna hiyo. Doria nzuri haina ratiba inayojulikana, hubadilisha njia, hutembea kwa miguu sehemu ya safari, na humtegemea mwenyeji anayejua mchanga uliochimbuliwa jana. Minara ya simu nayo hulipuliwa mara kwa mara huko Mandera, Wajir na Garissa. Sababu ni wazi: mnara ukilala, anayetaka kupiga simu kusema "nimewaona" hana mtandao. Tungeulizwa fedha za uzio zingekwenda wapi, tungeanza na minara hiyo, tuilinde na kuipa umeme wa akiba.

Hatusemi uzio haufai popote. Kilomita tatu au nne pale ambapo nyumba za Mandera zimegusana na za Bula Hawa zinaweza kuwaelekeza watu langoni, kama zizi linavyomwelekeza ng'ombe kwenye josho. Lakini zizi bila josho ni la nini? Lango lazima liwe wazi.

Sukari, daraja na watu

Wewe ni mfanyabiashara, hii utaielewa haraka. Marufuku yoyote ya biashara isiyozuilika huzaa bei, na bei hiyo hulipwa kwa anayesimama njiani. Sukari ya kutoka Kismayu imeingia kwa magendo miaka mingi, na makaa yametoka upande ule hata baada ya Baraza la Usalama kuyapiga marufuku Februari 2012. Al-Shabaab wametoza vizuizi vyao humo humo njiani, kwa hiyo kila lori la magendo limewalipa. Upande wetu kitu kidogo kinafungua kizuizi. Askari aliyepokea hongo ili asifungue magunia hajui ameruhusu nini kupita. Hata yeye anadhani ni sukari tu. Lori likipita lango halali, kuna namna rahisi ya kumbana dereva: gunia la sukari ni kilo 50, magunia 400 ni tani 20, ongeza uzito wa lori tupu ulioandikwa kwenye kadi yake. Mizani ikisema tani moja na nusu zaidi, lori linashushwa gunia kwa gunia. Kazi hii haihitaji ujuzi wa kijasusi. Inahitaji mizani iliyopimwa na mtu ambaye mshahara wake umefika.

Mpaka pia una kina. Anayetoka kaskazini mashariki kwenda Nairobi kwa barabara ya Garissa hukutana na Mto Tana, na pale Garissa daraja ni moja. Unajua mwenyewe: basi linasimama, abiria wanashuka na vipande mkononi, wanatembea, basi linawafuata tupu. Daraja hilo lina thamani kuliko kilomita mia za seng'enge, kwa kuwa hapo njia nyingi zimekutana. Kasoro yake ni kwamba ukaguzi umezoeleka kuwa wa sura na kabila. Mwenye sura ya Kisomali anaulizwa maswali kumi, mwenye sura nyingine anapungiwa mkono apite. Al-Shabaab wamesajili vijana wa Mombasa, Isiolo na Kiambu, kwa hiyo ukaguzi wa sura unawaacha wazi wale wale wanaotumwa kwa sababu hawafanani na wanaoshukiwa. Ukaguzi unaofaa huangalia safari: tiketi imekatwa lini, nani amelipa, mzigo ni wa nani, simulizi ya dereva na ya abiria zinalingana?

Februari 2018, huko Merti, kaunti ya Isiolo, polisi wa kawaida walisimamisha gari dogo wakalikuta limejaa vilipuzi, bunduki na maguruneti, likiwa limekwisha kupita mpaka bila kuonwa. Hakuna mtambo uliolinasa. Mtu aliona gari asilolijua mahali lisipostahili kuwa, akauliza.

Na hilo linategemea wenyeji wanaamini nini. Mchungaji huona mgeni kabla ya askari yeyote. Anapima mambo mawili: nikisema, Al-Shabaab watanifanya nini? Nisiposema, na shambulio litokee, serikali itatufanya nini sote? Kumbukumbu yake si tupu. Wajir bado wanayahesabu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, yaliyofanywa na vikosi vya serikali. Aprili 2014, kwenye msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi Wasomali wa Eastleigh, wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mashambulizi makubwa yalifuata mwaka huo huo na uliofuata. Ukiwakamata maelfu ili upate kumi, umewafundisha maelfu kunyamaza. Linganisha na El Wak, Desemba 2015: washambuliaji walisimamisha basi wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria wakakataa. Raia wa namna hiyo wapo mpakani tayari, kabla ya waya wowote kufungwa.

Baharini tutapita haraka. Lamu walizuiwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa, na hesabu ni ile ile ya lango: mvuvi akiondoka majini, jahazi la ajabu halina wa kuliona. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilichozinduliwa Novemba 2018 kina kazi zaidi wavuvi wakiwepo kuliko wasipokuwepo.

Serikali ilitangaza Mei 2023 kufungua Mandera, Liboi na Kiunga kwa awamu, kisha Julai ikasogeza mbele baada ya mashambulizi mapya. Kusogeza kunaeleweka, ila kunafaa kutumika kujenga. Kabla lango lolote halijafunguliwa, sisi tungetaka kuona vitu hivi pale Mandera: kisomaji cha pasipoti chenye funguo za nchi jirani, kamera na mashine ya vidole vinavyofika hazina ya Nairobi kwa njia mbili, ya ardhini na ya setilaiti, pasi ya mpakani kwa wakazi wa kilomita chache za pande zote, yenye picha na vidole, ili mama anayekwenda sokoni kila Jumanne atambulike kwa sekunde na afisa abaki na muda wa kumhoji asiyemjua, mizani na eneo la kushusha lori, mbwa wa kunusa na mwenye kumtunza kwenye joto lile, na chumba cha mahojiano cha pili, maana anayeshukiwa akihojiwa mbele ya foleni, ama ataaibishwa bure ama mwenzake aliye nyuma atajua maswali. Maafisa wahamishwe kila baada ya miezi michache, lakini wasihamishwe wote siku moja, vinginevyo anayejua sura za mji anaondoka na ujuzi wake.

Kwa upande wako kama muuza mifugo: kila msafara uwe na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo, chenye idadi na chapa, na nakala yake ibaki nyumbani. Andika jina, namba ya kipande na simu ya kila mchungaji na dereva unayemwajiri, hata wa siku moja. Usipokee mzigo wa kumfikishia mtu Nairobi kama hukuuona ukifungwa, hata akiwa ni mtu wa ukoo wenu. Ukiona kitu, piga 999 au 112, na useme mambo matano yanayomfaa askari: umeona nini, wangapi, wapi kwa jina la kisima au lagha (mto mkavu) iliyo karibu, saa ngapi, na wameelekea upande gani. "Nimeona watu wabaya" haimsaidii. "Pikipiki mbili, watu wanne, kutoka kisimani kuelekea barabara ya Liboi, saa kumi na moja alfajiri" inampa pa kuanzia.